Chonga wa Mashine ya Picha

Chonga aliendesha mashine ya picha katika sinema ya Tayebali, Mombasa, tangu mwaka wa arobaini. Siku za picha za kutisha Tayebali hakumwamini mtu mwingine. Picha ikianza, Chonga hupunguza sauti kidogo, watu wakainama mbele kusikiliza. Hapo hapana jitu wala damu. Ni ujia mtupu, taa moja, na nyayo za mtu asiyeonekana. Wanawake, waliotengewa onyesho la Jumatano alasiri, walishikana mikono kabla ya kuona lolote.

Mkewe, Mejumaa, alimwuliza wanaogopa nini.

"Hawajaonyeshwa kitu," Chonga alisema. "Kila mmoja anajichorea lake. Likishatokea lenyewe, roho hutulia. Kungoja ndiko kunakoua."

Mtoto wao wa pekee, Baya, aliingia jeshi la Keya, na mwaka wa arobaini na nne akapakiwa melini kwenda vitani Bama. Baada ya wiki kadhaa Barnabas, tarishi wa bomani, alimfuata Chonga sinema na kumwomba washuke ngazi. Meli ilikuwa imezamishwa. Baya hakuwamo katika waliookolewa.

Chonga alikwenda kwa miguu mpaka nyumbani, Majengo. Njia nzima aliwaza atamwambiaje mama mtu, akaona asimtese kwa kumzungusha. Mejumaa alikuwa uani anakuna nazi, akainua uso kumkaribisha.

"Baya amekufa maji," Chonga alisema, hata hajakaa.

Siku ya tatu, waliokuja kuwapa pole walipokwisha kuondoka, Mejumaa alisema, "Ungekaa kwanza, bwana. Ungeomba maji. Ningeuona uso wako nikajua, lakini ningekuwa na mwanangu japo kitambo hicho kidogo."

"Nilidhani nakuhurumia."

"Najua. Ndiyo maana hata kukukasirikia siwezi."

Jumatano iliyofuata Chonga alirudi kazini. Nyayo zilipoanza kusikika na wanawake wakanyamaza, aliizima mashine. Tayebali alipanda ngazi kwa haraka, akamkuta ameketi sakafuni analia. Hakumkaripia. Alishuka mwenyewe kuwaomba radhi wanawake, akawaambia mashine imeharibika.

Chonga hakuendesha picha tena. Alipata kazi ya kushona magunia Kilindini. Yeye na Mejumaa waliishi pamoja miaka mingi baadaye, na wenzao walipokwenda kuzuru makaburi, wao walibaki nyumbani.