Uso Uliopotea Saa Kumi

Mpiga picha jirani yangu hapa Eldoret hupuliza vidole kabla ya kugusa kompyuta, kama mtu anayekwenda kukamua ng'ombe asubuhi ya baridi. Sauti yake ni ya chini, ya matangani, kwa sababu kazi yake kubwa ni picha za kuwekwa juu ya jeneza. Mwiko wake ni mmoja: hahifadhi picha mpaka mwenye msiba aseme ndiye. "Siwezi kuseivu mtu nisiyemjua," husema.

Alhamisi alishinda akimtoa mzee mmoja wa Moiben kwenye kitambulisho kilichochakaa. Mazishi yalikuwa kesho yake. Alimvalisha suti, akamrudishia jicho lililofutika. Saa kumi mjane aliinama mbele ya skrini, akafunika mdomo. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa."

Mkono wa mpiga picha ukaenda kuhifadhi. Kompyuta ikaganda. Uso wa mzee ukafifia, ukawa mweupe, kisha skrini ikazimika. Mimi, niliyekuwa nikitazama kutoka mlangoni, nilipiga kelele. Jirani yangu alisimama wima, akavua kofia.

Mjane ndiye aliyemshika bega. "Pole, mwanangu," akamwambia. "Hata mimi aliniacha hivyo hivyo, tukiongea."