Mtu wa Mbele na Mtu wa Nyuma

Nshazeeka mimi, wajukuu zangu wamejaa mpaka Mjini, na magoti haya hayanifikishi mbali. Lakini kusi hili lililopita nilikimbia pwani kama msichana. Mwanangu alinipigia simu kutoka baharini: "Mama, mashua inaingia maji, mvua imeziba. Siuoni mlango."

Mlango ni ule uwazi kwenye mwamba, hapa kwetu upande wa Makunduchi. Ukiupata, ndani maji yametulia kama ya mtungini, chini mchanga, nanga inashika. Ukiukosa, mwamba unakula mbao.

Nilipokuwa mdogo, bibi yangu ndiye aliyekuwa akiwaingiza watu. Bahari ikichafuka, anauacha muhogo wa nazi unachemka, ananishika mkono, tunashuka tunanuka moshi. Yeye husimama mbele, maji ya magotini. Mimi hunipandisha nyuma yake, juu kwenye minazi penye kisima, na shuka nyeupe kwenye upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Wa baharini akituona tumekaa mstari mmoja, anajua yuko sawa, anaingia. Akituona tumeachana, anageuza. "Usitikisike," bibi ananambia. "Kuna baba wa mtu anakutazama." Nasimama mpaka meno yanagongana. Siku moja huyo baba alikuwa wangu. Akateremka anacheka: "Leo minazi imeota meno." Tukarudi tukala muhogo ulioungua, mtamu sijapata kula tena.

Siku ya mwanangu minazi haipo, kisima kimefukiwa. Pana ukuta wa hoteli, na getini kijana mlinzi.

"Shikamoo bibi. Humu haingii asiye mgeni."

"Marahaba. Siingii mimi. Ingia wewe, panda pale kibarazani, uinyanyue shuka hii."

"Mbele ya wageni wanakula? Bibi, nitafukuzwa."

"Mwanangu yuko baharini, baba. Anazama."

Akanitazama, akatazama ndani. "Ngoja nimuulize meneja."

Hata leo sijui kama alimuuliza. Nilishuka peke yangu, nikaingia majini, nikanyanyua shuka kwa mikono miwili. Na huku nimeinyanyua najua sifanyi kitu. Mtu mmoja si alama. Mtu mmoja ni mtu tu kasimama majini.

Mashua ilipasuka mbele ya macho yangu. Ndiyo iliyokuwa ikitulisha, ndiyo iliyowasomesha hao wajukuu ninaojivunia, wenye vyeti vyao ukutani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufundishwa kusimama pale juu. Angefundishwa ili asimame wapi?

Mwanangu aliogelea. Alifika mguu umechanika, akalala mchangani anatapika maji ya chumvi, nami nimempakata kichwa kama mtoto mchanga.

"Nilikuona, mama," alisema. "Nilikuona vizuri kabisa. Sikujua tu kama wewe ni wa mbele au wa nyuma."