Mshenga Aliyetumwa Chuoni

Katika maisha yangu, mshenga ametumwa kwa ajili yangu mara moja tu, na alitumwa chuo kikuu.

Kwetu Kisii, pande za Birongo, kabla binti hajaolewa, familia humtuma mtu mzima mwenye macho na masikio akachunguze nyumba ya upande wa pili. Tunamwita esigani. Huenda kama mpita njia, akaomba maji ya kunywa, na huku anatazama: wanakula nini, wanaongeaje na mama yao, ukoo una kichaa au uchawi? Akirudi, neno lake ndilo neno. Mimi sikupata bahati hiyo. Nilizaa nikiwa nyumbani, baba wa mtoto akaingia mitini, na hakuna ukoo uliojisumbua kumtuma mtu aje kuomba maji kwetu.

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule ya upili huko Nyamira nilipoomba nafasi ya shahada ya uzamili. Vyuo viwili vilinikubali, kimoja Nairobi na kingine huku kwetu, si mbali na Kisii mjini. Nilijua ninachokitaka. Kile cha Nairobi kilikuwa na kikundi cha watu wanaofundisha mashine kusikia lugha zetu, hizi ambazo hazijaandikwa sana. Mama yangu hajui kusoma. Ujumbe ukiingia katika simu yake hutafuta wa kumsomea, kwa hiyo siri zake zote zimepitia midomoni mwa watoto wa jirani. Nilitaka simu imsomee kwa Ekegusii, lugha yetu, kisha imsikilize akijibu. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume.

Shida ilikuwa mtoto. Alikuwa bado hajaanza shule, na nikienda ilibidi abaki na wazazi wangu. Ndugu zangu wa kiume walikuwa wameshaondoka, mmoja yuko Qatar, mwingine Mombasa, na tulikuwa tukiwasikia kwenye simu tu. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hatumpeleki binti katika nyumba tusiyoijua."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Kumbe alikuwa ameshamwita binamu yake, ambaye mimi humwita baba mdogo, mzee aliyekuwa mshenga wa karibu nusu ya ndoa za mlimani kwetu. Baba mdogo akavaa koti lake la kanisani akaenda chuo cha karibu. Baada ya siku kadhaa akapanda basi la Nairobi, akakitazama na kile kingine.

Aliporudi tuliketi sebuleni. Mama alileta chai na ndizi za kuchemsha, na kila mtu akawa na uso wa siku ya mahari. Mtu mzima na digrii yangu, nikakaa kwenye kigoda kusikiliza nitaozwa wapi.

"Cha Nairobi hakina boma," baba mdogo alisema. "Kimepanga kwa watu, juu ya duka la misumari na saruji. Unapanda ngazi mpaka magoti yanalia. Vijana wameketi sakafuni, kompyuta mapajani, na hakuna hata mmoja aliyeniamkia."

"Na hiki cha huku?" baba akauliza.

"Hiki kina lango. Askari alisimama, akaniita mzee, akanipa kiti. Nyasi zimekatwa. Kuna kanisa. Chai yao ina maziwa."

Nikasema kwamba teknolojia haifundishwi na nyasi. Baba akaniuliza kama mimi niliyeketi nyumbani najua kuliko aliyekwenda akaona. Kisha akakata shauri: nikienda cha karibu, mtoto atalelewa, nikienda Nairobi, nimbebe mgongoni nipande naye hizo ngazi. Mama alikuwa amempakata mwanangu. Aliendelea kumlisha ndizi.

Basi nikaenda kwenye nyasi. Hadi leo jambo hilo linaniuma, na sitaki kulipaka sukari. Kompyuta za maabara zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya kufuma, kama makochi ya kwetu, na ufunguo ulikuwa kwa mtu ambaye daima yuko safarini. Mhadhiri wa akili unde alitusomea kurasa zilizokwisha kuwa za manjano, na kompyuta yake mwenyewe hatukuwahi kuiona. Nilipomweleza msimamizi wangu habari ya Ekegusii, aliniuliza nani atainunua, akanipa mada yake ya kuhifadhi rekodi za maktaba. Baadaye alihamia kwingine, na aliyechukua nafasi yake akanirudisha mwanzo. Nilihitimu hivyo hivyo. Picha tulipigia langoni, na lango, niseme ukweli, lilipendeza.

Nikarudi katika darasa lile lile kuwaonyesha kidato cha kwanza jinsi ya kuwasha mashine.

Nyumbani walichinja mbuzi. Baba alimvisha baba mdogo blanketi jipya mbele ya watu, kama anavyoshukuriwa mshenga ndoa inapodumu. Wageni walipoanza kutawanyika, mama akatoka kuwasindikiza, nikabaki na wazee wawili mezani.

"Si nilisema ni nyumba nzuri?" baba mdogo akaniuliza.

Nikamwambia yote, vitambaa, ufunguo, msimamizi. Nikamwambia, kwa sauti niliyokuwa nimeizuia muda mrefu, "Baba mdogo, ulidanganywa na nyasi."

Hakukasirika. Alilikunja blanketi lake magotini.

"Mwanangu, mimi nimeoza watu kabla hujazaliwa. Nidanganywe na nyasi? Kule juu ya duka nilimkuta msichana wa rika lako amejaza ubao mzima, wanaume wameketi wanamsikiliza. Kisha kompyuta ikasema kitu kwa Kikamba, wakapiga makofi. Nilikaa pale mpaka saa ya chakula ikanipita. Nikajua huyu wetu akifika hapa, harudi tena."

"Mbona hukusema hivyo?"

"Nilisema. Nilimwambia baba yako kule kwenye shamba la majani chai, kabla hatujaingia ndani kwenu. Esigani humjibu aliyemtuma, na wewe hukunituma."

Nikamgeukia baba. Nilitaka akane. Ningemwamini, hata kwa uongo. Alikuwa anatazama kikombe chake, kisha akakisogeza upande wangu. Akasema chai imepoa.

Nikainuka nikamwongezea ya moto, kwani katika nyumba ile nani mwingine alikuwa amebaki wa kumwongezea.