Nchi Haina Machungwa

Mzee Sadala amelima machungwa Handeni tangu ujana, na hajawahi kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Wakubwa wa chama cha wenye viwanda vya juisi walipokuja kuona shamba lake, aliwajazia gari bure. Mwezi haukuisha, akawasikia redioni, walewale, wakiiambia serikali kwamba nchi haina machungwa ya kutosha, kwa hiyo ushuru wa juisi ya kutoka nje upunguzwe. Ukapunguzwa. Msimu huu lori la kiwanda, lililokuwa likinunua machungwa yake kila mwaka, halikuja kabisa. Machungwa yakaozea chini ya miti.

Juzi lile gari la wakubwa wa chama likasimama tena shambani.

“Shikamoo mzee. Tupatie ya kula njiani.”

“Marahaba. Machungwa hakuna,” akajibu Sadala, miguu imezama kwenye yaliyooza. “Si nyie wenyewe mliiambia serikali?”