Rangi Mbili Juu ya Mshono

Shemeji yangu Hemedi alikuwa anapasua vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, na kumwaga poda yake juu ya tumbo langu kama mtu anayetia chumvi pweza.

Mimi chali mkekani, msuli umeshushwa.

"Tulia, shemeji. Rangi mbili ndiyo kiboko ya usaha!"

Hemedi ni kaka wa mke wangu, mvuvi wa Msimbati. Alikuja kwetu Rahaleo kunijulia hali. Nilikuwa nimetoka kupasuliwa ngiri, madaktari wakaniwekea kipande cha wavu ndani, pale utumbo ulipokuwa unachungulia.

Mtaa mzima ulicheka. Eti wenzangu wanatega baharini, mimi nimetega tumboni.

Kilichonitoa jasho ni kingine. Niliruhusiwa na vidonge vya maumivu tu. Vya kuua vijidudu, hata kimoja!

"Wamekupunja," Hemedi akasema. "Kidonda kikioza, wanarudi na kisu."

Kisu tena? Nikamwachia tumbo.

Kesho yake chumba kikanuka. Mke wangu Saumu akafunua bandeji, akaziba pua. Juu ya mshono kuna uji wa njano.

"Baba Thabiti, hiki kimeoza."

 Tukashika njia ya hospitali.

Nesi Witness akainama. Akanusa. Akanusa tena, akaangua kicheko.

"Baba, umepaka nini hapa?"

"Rangi mbili," nikajibu kwa sauti ya panya.

"Basi harufu ni yake. Poda imelowana jasho. Kidonda chenyewe kizima, hakijavimba, hakina usaha."

"Lakini sista, hamkunipa kinga ya vijidudu!"

"Tulikupa. Sindano ya mshipani, kabla ya kisu. Kisu kinapopita, dawa iwe imeshatangulia mwilini. Kwako ile ilitosha."

"Mbona sikuiona?"

"Ungeionaje? Ulikuwa unasoma Ayatul Kursi kwa sauti, mpaka daktari akaitikia amina."

Saumu akacheka, akajifuta machozi kwa mtandio.

Witness akaosha taratibu. Upande mmoja ukatakata. Wa pili poda imegandia kwenye nyuzi.

"Nikilazimisha nitafumua kazi ya watu. Kesho uje tumalizie."

Ndugu zangu, mkienda kupasuliwa, ulizeni mapema: kinga yangu ni ipi, nimeshapewa? Na mshono ukivimba, ukitoa usaha au homa ikipanda, rudini mliposhonwa. Msirudi kwa shemeji.

Maana tulipofika nyumbani, Hemedi alikuwa mlangoni; kusikia poda nyingine imebaki, kucha tayari.

"Lete nikabandue hako kalikobaki."

"Shemeji, kaparue samaki. Haka kana mwenyewe, na ni ka kesho."