Vikombe vya Wamaya vya Jacobs

Karakana niliyofanyia kazi Jacobs, eneo la viwanda la Durban, miaka ya mwisho ya tisini, ilitengeneza vitu vya kupamba hoteli na migahawa: vinara, vyungu vya maua, sahani za kutundika ukutani ambazo hakuna mtu angezilia chakula. Udongo uliletwa umekorogwa kama uji mzito. Tuliumimina kwenye kalibu za plasta, na chombo kilipokauka kilitoka na mshono pande mbili, pale ambapo nusu za kalibu zilikutana. Mshono ule tuliuondoa kwa msasa, chombo kikiwa kikavu, kisha kikapakwa rangi na kuingia tanuri. Mimi nilikuwa mtu wa msasa. Mwenzangu, Mkongomani wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwa wa msasa asubuhi na wa brashi mchana.

Kwao alichora vibao vya maduka: vinyozi, maduka ya dawa, baa. Alijivunia jambo moja, kwamba hajawahi kukosea herufi kwenye kibao cha mtu. Mimi nilimwita Fundi. Yeye aliniita “vieux”, yaani mzee kwa Kifaransa chao, ingawa tulipishana miaka michache tu.

Siku moja bosi aliingia na kitabu kikubwa cha picha. Mgahawa mpya ulikuwa unafunguliwa Point, karibu na bandari, na mwenye mgahawa alitaka rafu zake zijae vikombe vya kale vya Wamaya, watu wa Guatemala na kusini mwa Meksiko. Vilikuwa vikombe virefu vilivyonyooka kama bomba, vyenye rangi nyekundu, nyeusi na ya chungwa juu ya weupe wa maziwa. Watu wenye vilemba vikubwa wameketi kwenye viti vya enzi, na chini ya mdomo wa kikombe mstari wa alama umezunguka pande zote.

“Hayo maandishi ya juu, chora chochote kinachofanana,” bosi alisema. “Hakuna anayeyasoma.”

Fundi alingoja aondoke. “Vieux, mi siwezi kuandika kitu yenye haisemi kitu. Mukono itakataa.”

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine yote nimejisomea mwenyewe, na nina tabia ya kutoliacha jambo mpaka nilijue mwanzo wake. Jumamosi zangu zilipita maktaba ya mjini. Nilitafuta kwa wiki kadhaa nikapata jibu, na lilikuwa jepesi kuliko nilivyotegemea. Mstari ule, kwenye vikombe vingi, husema jambo lile lile: hiki ni kikombe cha kunywea, kinywaji chake ni kakao, mwenyewe ni fulani. Nilisoma pia kwamba baadhi ya wachoraji wa Kimaya wenyewe hawakujua kusoma, wakachora alama zisizo na maana ili chombo kionekane cha fahari. Hilo sikumwambia Fundi.

Nilimwonyesha alama ya kakao. Ndani yake mna samaki.

“Samaki?” Aliishika picha karibu na macho. “Eish, vieux, hawa ni batu ya ziwa! Hawa ni ndugu zetu ya Uvira, walipotea njia tu.”

Kuanzia hapo alichora kila alama kama ilivyo kitabuni, polepole, ulimi ukiwa umebanwa pembeni mwa mdomo. Bosi alilalamika kwamba anachelewa. Fundi alijibu ndiyo, ndiyo, patron, na hakubadili kitu.

Kikohozi chake kilikuwepo tangu kabla ya kazi ile. Kliniki walisema ni kifua kikuu, wakampa vidonge vya miezi mingi, naye akavimeza bila kuruka. Lakini alizidi kukonda. Mkanda wake aliuongeza tundu kwa msumari, kisha tundu jingine.

Nyumbani kwake mambo yaliharibika kwa sababu ya kikombe. Kikombe kimoja kilipasuka tanurini, akakichukua kwenda kuwekea vijiko. Kilikuwa na picha ya mifupa ya mtu inayocheza ngoma, shingoni imevaa mkufu wa macho yaliyong'olewa. Mke wake alikitazama siku mbili, siku ya tatu akakipeleka kwenye chumba cha maombi walikosali. Mchungaji alisema ugonjwa umeingilia hapo. Fundi aache vyombo vya wafu, na aache vidonge pia ili imani yake ionekane.

Fundi aliniomba niende Jumapili. “Wewe unasoma,” alisema. “Mwambie tu ni kikombe.”

Walikaa Point, kwenye chumba kimoja cha ghorofa la zamani, nusu yao na nusu ya familia nyingine, pazia katikati. Mke wake alinipa kiti pekee. Yeye na mumewe walikaa kitandani.

“Shemeji,” nilianza, “yale si mambo ya uchawi. Ni jina la chombo na mwenyewe. Kwetu kanga nayo ina jina lake, imeandikwa pale chini. Mtu anaisoma, basi.”

“Siye tunavaaka kitenge,” alisema. “Kitenge haisemake kitu. Inanyamaza.”

Nyuma ya pazia mtu alicheka.

“Ni kikombe cha kunywea kakao,” nikaendelea. “Kama chai. Kinasema, hiki ni cha fulani.”

“Na huyo fulani, iko wapi?”

“Alikufa. Zamani sana.”

“Na kikombe yake, waliitoa wapi?”

Ningeweza kusema jumba la makumbusho, na isingekuwa uongo. Lakini aliuliza kilikotoka. “Kaburini,” nilisema. “Vingi vilikuwa makaburini, vimewekwa pamoja na maiti.”

Alimgeukia mumewe. Hakupandisha sauti. “Umesikia. Umeleta mwanasheria yako mwenyewe, na amesema.”

Fundi alicheka mpaka kicheko kikawa kikohozi, akakikohoa kwenye taulo kwa muda mrefu, na sote tulitazama sakafu. Alipopata pumzi alisema, “Mama, vidonge haina picha. Vidonge sitaacha.”

“Basi acha vyungu. Acha vyungu, na mimi kwa mchungaji nitanyamaza juu ya vidonge. Nitamudanganya mutu ya Mungu, unasikia? Kwa sababu yako.”

“Nimalize commande hii ya mgahawa kwanza. Imebaki kidogo.”

“Kodi tutalipa na nini, hiyo njo kitu unaogopa?”

“Kodi. Na maandishi. Nikitoka, ataweka mutu wa kuchora upuuzi.”

Alimtazama kana kwamba amemwona na mwanamke mwingine. Mimi nilisema kazi Durban haipatikani kirahisi, jambo ambalo lilikuwa kweli na ambalo wote wawili walilijua. Niliaga.

Wiki iliyofuata Fundi alirudi kutoka kliniki na habari. Muuguzi alimshika sikio, akaona weupe ndani yake, akamuuliza kama ni mwoka mikate. Alimwambia ni udongo. Muuguzi aliacha kuandika, akamwambia vumbi la udongo linakwangua mapafu, na kwamba vidonge haviwezi kushindana nalo. Aondoke kule, na aondoke upesi.

Tulikuwa tumekaa nje ukutani tukila mkate na maharage. “Nurse na bibi yangu,” Fundi alisema, “kumbe wanasali kanisa moja.”

“Basi ondoka.”

“Imebaki rafu moja, vieux.”

Nilimwambia nitafanya msasa wa vyombo vyake vyote, yeye ashike brashi tu. Tulifanya hivyo. Lakini meza ya rangi na meza ya msasa zilikuwa chumba kimoja, feni ikizunguka juu yetu, na jioni sakafu ilifagiliwa kavu. Nilimwomba bosi tuhamishie meza ya rangi uani. Alisema sharp, yaani sawa, atalifikiria. Uani kulikuwa na upepo unaokausha rangi kabla ya wakati, alisema baadaye.

Fundi alifika kazini mpaka siku alipoishia getini, ameshika chuma, anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kisimani. Walimpeleka hospitali kwa gari la mizigo la karakana. Nilimtembelea mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama samaki wanachorwa wakiangalia kushoto, kama nilivyomwonyesha. Nilimwambia ndiyo. Mara ya pili hakuuliza kitu. Alikufa alfajiri moja wakati mke wake ameenda kujaza chupa ya maji.

Tulimzika upande wa kusini wa mji, mchungaji akiomba kwa sauti kubwa. Alisema marehemu aliitwa na wafu wa mataifa mengine kwa sababu alikataa kuacha. Wakongomani wengi waliitikia. Bosi alituma maua na hakuja.

Baada ya mazishi watu walirudi chumbani Point wakakaa hadi korido. Nilimkuta mke wake jikoni, mahali ghorofa zima lilipopikia, anasuuza vikombe vya wageni.

“Shemeji,” nilisema, “haikuwa picha. Nataka ujue. Ilikuwa vumbi. Muuguzi alisema, na nimesoma pia. Ni vumbi la udongo.”

Aliendelea kusuuza. “Mi nilisema aache vyungu. Nilisema ama sikusema?”

“Ulisema.”

“Sasa unaniletea vumbi.” Alikigeuza kikombe, maji yakamwagika. “Vumbi ya nani?”

Nimezoea kupeleka swali maktaba. Hili lilikuwa na majibu mengi, na lolote ambalo ningelichukua lingekuwa kweli: udongo ulikuwa wa bosi, vikombe vilikuwa vya mgahawa, msasa ulikuwa mkononi mwangu. Yeye alitaka jibu moja. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe.

“Na wewe,” alisema, “kesho kutwa unarudi kule?”

“Kodi, shemeji.”

“Aa,” alisema. “Na yeye alisemaka vile.”

Jumatatu nilirudi. Kulikuwa na kijana mpya kwenye meza ya rangi, Mzulu mpole, ambaye alichora mstari wa juu kwa miduara na nukta, haraka na vizuri. Nilijifunga kitambaa puani. Jioni, kabla ya kufagia, nilimwaga ndoo mbili za maji sakafuni, vumbi likalala. Bosi alisimama mlangoni akaniuliza ninafanya nini, maana ninamtengenezea matope.