Nilijifanya mgonjwa kwenye mtihani wa online wa dada yangu, mguu ukaniumbua

Wakuu, amahoro.

Hii sikusimuliwa na mtu. Mguu wenyewe ninao hapa, na dada yangu yuko jikoni, nikiongeza chumvi atanisuta.

Naishi Rumonge mjini, na mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wanajua magari ya Nyanza-Lac yanaondoka saa ngapi, mimi najua jua linafika kwenye kochi letu saa ngapi. Sekondari nilimaliza, kochi bado.

Dada ni daktari, anasomea ubingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Masomo mengi ni online: profesa yuko ng'ambo, yeye yuko sebuleni na laptop juu ya gunia la unga wa muhogo, mimi pembeni nasikiliza bure.

Sasa mtihani wa vitendo nao ukawa online!

Kila mwanafunzi atafute mtu mzima wa afya, amfundishe kuigiza ugonjwa aliopangiwa, kisha ampime mbele ya kamera. Ukifeli, unarudia mwaka. Na hospitali yake ilishamwambia ruhusa ya mwaka mwingine haipo. Yaani ni hapo au basi.

Akanichagua mimi. Nikavimba kichwa, nikamuuliza kwa nini.

"Ni weye tu nina hakika nitamukuta nyumbani."

Karatasi ya mtihani ilinipa kiharusi cha upande wa kulia, kushoto mzima. Wakuu, nilijifua wiki nzima! Mkono unalegea, mguu unaburuzika, mdomo unapinda. Mama akanikuta naenda chooni hivyo, akasema, "Leo ndiyo nimekuona unafanya kazi."

Siku ikafika, saa nne asubuhi, connexion safi. Profesa akatokea, mzee wa Kikongo mwenye miwani.

Mkono wa kulia, nikalegea vizuri. Mguu wa kulia, nikalegea mpaka nikajionea huruma.

Dada akahamia kushoto, upande mzima. "Kisigino chini, inua unyayo uje juu, nikisukuma usikubali."

Nikainua. Akaushusha kama anafunga droo.

Akanikazia macho, akarudia. Ukashuka tena.

Profesa akacheka. "Docteur, mugonjwa wako amesahau upande wake!"

Dada akaniinamia, sauti ya chini kabisa: "Kushoto uko muzima, weye. Wacha mchezo."

"Dada, naapa, hapa siigizi."

Jasho likanitoka. Niliuona mwaka wake unaondoka na mguu wangu. Na dada angeweza kufunika tu, aseme kushoto ni salama kama karatasi ilivyosema, asonge mbele.

Hakufunika. Akachukua njiti ya kiberiti, akanigusa juu ya mguu, karibu na vidole. Nikasikia kama nimevaa soksi. Akagonga mfupa wa pembeni, chini ya goti. Umeme mpaka vidoleni, nikaruka!

"Professeur," akasema, "kulia ni maigizo. Kushoto ni ugonjwa wa kweli, na hauko kwenye karatasi. Mshipa wa fahamu umebanwa hapa. Huyu anakaa kochini amekunja nne, mguu wa kushoto juu ya wa kulia, kutwa nzima."

(Na mimi miezi yote hiyo nalaumu ndala ya kushoto kwa kunivuka mguuni!)

Profesa hakucheka tena. Akasogea mpaka miwani ikajaa skrini. Akaniuliza mimi mwenyewe, kwa heshima ya Kikongo: "Papa, unakaa hivyo saa ngapi kwa siku?"

"Zile ambazo silali, Professeur."

Kiharusi kikasahaulika. Maswali yote yakahamia kwenye mguu wangu, dada anajibu moja baada ya jingine. Mwisho profesa akamwambia, "Wenzako wamepima karatasi. Weye umepima mutu."

Ijumaa matokeo yakatoka: AMEPASI! Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimepata mke.

Nilichojifunza: nilikuwa nayadharau masomo haya, nikiona ni kuangaliana usoni kwenye skrini tu. Kumbe profesa hata akiwa mbali namna ile, anaona vizuri tu kama unasema ulichokikuta au ulichoandikiwa.

Mguu unarudi taratibu. Dada amenipa dawa moja tu: kila asubuhi nitembee njia ya Minago mpaka nichoke. Nachoka mapema sana, ila natembea.

Haya, weye unayesoma hapa umekunja nne, teremsha kwanza huo mguu. Halafu tuambie: umewahi kupimwa na ndugu yako, akakuta nini?